Mgongano wa anwani za IP nyumbani: mtambue mwenzako kabla ya kuzima ruta

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Ujumbe unatokea kwenye skrini: anwani ya IP ya kompyuta hii inatumiwa na kifaa kingine kwenye mtandao. Wengi wakiuona huenda moja kwa moja kwenye ruta, huizima, husubiri kidogo, huiwasha tena. Mtandao unarudi na mambo yanaonekana yamekwisha. Baada ya siku chache ujumbe uleule unajitokeza, safari hii kwenye laptopu nyingine, au printa inaanza kudai haipo mtandaoni. Kuzima ruta hapo ni funika kombe mwanaharamu apite. Nawaomba leo tubadilishe mpangilio wa kazi: kwanza tumtambue huyo anayeshika anwani yetu, ndipo tuguse mipangilio. Sehemu kubwa ya maneno yangu itakuwa juu ya kumtambua, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama tatizo litarudi au la.

Tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya mtandao wenyewe.

Kila kifaa kina anwani mbili. Moja ni anwani ya MAC, yenye biti 48, inayoandikwa kwa jozi sita za tarakimu na herufi, mfano 00-1B-44-11-3A-B7. Hii ni ya kadi ya mtandao yenyewe. Ya pili ni anwani ya IP, ambayo kifaa hupewa kinapojiunga na mtandao. Nyumbani karibu zote huanza na 192.168, na baadhi ya ruta hutumia zinazoanza na 10 au zile za kati ya 172.16 na 172.31. Mafungu hayo matatu yalitengwa kwa matumizi ya ndani katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 (RFC ni nyaraka zinazoeleza taratibu za intaneti). Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.50 na wewe pia ukawa nayo bila neno lolote, kwa kuwa kila mtandao uko nyuma ya ruta yake. Ugomvi huzuka pale wawili wanapokuwa na anwani hiyo ndani ya mtandao mmoja.

Kompyuta inapotaka kuzungumza na 192.168.1.50, haiwezi kutuma pakiti, yaani kifurushi cha data, kwa namba hiyo peke yake. Lazima ijue MAC ya mwenye namba. Kazi hiyo hufanywa na itifaki ya ARP, iliyoandikwa mwaka 1982. Kompyuta hutangaza kwa mtandao mzima: nani mwenye 192.168.1.50? Mwenyewe hujibu kwa kutaja MAC yake, na muulizaji huandika jibu kwenye jedwali lake la ARP. Zingatieni hapa: ARP haina njia ya kuhakiki kama anayejibu ndiye mwenye haki. Ni kama darasa lenye wanafunzi wawili wa jina moja na mwalimu asiyeangalia uso. Anayeitikia ndiye anayeandikwa. Wakijibu wawili, jedwali litashika mmoja. Baada ya muda mfupi maelezo hayo huhesabiwa yamechakaa (Windows huyaamini kwa sekunde kati ya 15 na 45 hivi), na yanapohakikiwa upya, au yule wa pili anapojitangaza, jedwali linaweza kugeukia upande wa pili.

Kwa hiyo dalili za mgongano si mtandao kukatika moja kwa moja. Dalili yake ni mtandao unaokuja na kuondoka. Ukurasa unafunguka nusu. Simu ya video inaganda, inaendelea, inaganda tena. Faili linalonakiliwa linakatikia katikati. Unafungua ukurasa wa kamera kwenye kivinjari, unakuta ukurasa wa printa. Ukiona mambo hayo kwenye kifaa kimoja au viwili huku vingine vikienda vizuri, shuku mgongano hata kama hakuna ujumbe wowote uliotokea. Printa, kamera na televisheni nyingi hazina namna ya kukuonyesha ujumbe huo.

Mtu atauliza: vifaa havijiangalii kabla ya kuchukua anwani? Vinajiangalia. Utaratibu uliowekwa na RFC 5227 ya mwaka 2008 unataka kifaa kitume maulizo matatu ya ARP, kwa nafasi ya sekunde moja hadi mbili, kikiuliza kama kuna mwenye anwani kinayotaka kuitumia. Kikipata jibu, kinaiacha. Kisipopata, kinatangaza mara mbili kwamba anwani ni yake. Ni utaratibu mzuri, ila una mwanya mmoja: mwenye anwani akiwa amelala wakati wa kuulizwa, hajibu. Laptopu iliyofungwa kifuniko, printa iliyozimwa, simu iliyo nje ya Wi-Fi, vyote hivyo ni mabubu. Kifaa kipya kinachukua anwani kwa nia njema, kisha aliyelala anaamka akiwa bado na anwani ileile. Vifaa vya bei ya chini, hasa vya kuwekwa anwani kwa mkono, vingine huruka ukaguzi huo kabisa.

Sasa tuingie kwenye uchunguzi. Kwenye kompyuta ya Windows yenye tatizo, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig /all. Soma sehemu ya kadi unayotumia, kwa maana Wi-Fi na kebo kila moja ina sehemu yake. Ukiona neno Duplicate mbele ya anwani, Windows yenyewe imekiri mgongano. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake ni kwamba kompyuta haikupata anwani halali ikajitungia ya muda. Hilo linaweza kutokana na mgongano wa anwani iliyowekwa kwa mkono, na linaweza pia kumaanisha tu kwamba ruta haikujibu, kwa hiyo usilichukulie kama ushahidi pekee. Andika kwenye karatasi vitu vinne: anwani ya IP, anwani ya MAC ya kadi hiyo (Physical Address), lango la mtandao (Default Gateway, yaani anwani ya ruta), na mstari unaosema DHCP Server. DHCP ni utaratibu wa kuvigawia vifaa anwani, na mstari huo unamtaja anayegawa. Mstari huo wa mwisho tutauhitaji baadaye.

Kisha fungua kumbukumbu za matukio. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, ingia kwenye Windows Logs, kisha System, na utafute tukio namba 4199 lenye chanzo Tcpip. Kwa maoni yangu hii ndiyo hazina kubwa kuliko zote katika kazi hii, na ni wachache wanaoifungua. Tukio hilo hutaja anwani ya IP iliyogombaniwa na anwani ya MAC ya kifaa cha pili. Mshukiwa anakabidhiwa kwako pamoja na saa aliyoonekana. Saa nayo ni ushahidi: matukio yakijitokeza kila asubuhi muda uleule, tafuta kifaa kinachowashwa muda huo.

Kama tukio halipo, au kifaa chenye tatizo si kompyuta, tumia kompyuta ya tatu iliyo kwenye mtandao uleule. Chomoa kebo ya kile kifaa unachokijua, au zima Wi-Fi yake. Kwenye kompyuta ya tatu fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika arp -d * ili kufuta jedwali, halafu ping 192.168.1.50 (ping hukiita kifaa kuona kama kitajibu), ukiweka anwani yako badala ya hiyo. Mwisho andika arp -a na utafute mstari wa anwani ile. Ukipata MAC mbele yake, kuna mwingine anayeitumia, maana yule wa kwanza umeshamtoa.

Hapa pana kosa linalowaponza wengi. Ping inashindwa, wanahitimisha kwamba anwani iko wazi. Ping na ARP ni vitu viwili tofauti. Ukuta wa kinga wa Windows unaweza kuzuia ping, na vifaa vingine haviijibu, lakini kifaa chochote kilicho macho lazima kijibu ARP la sivyo hakitapata mawasiliano kabisa. Kwa hiyo ping tunaituma ili kuichokoza ARP tu. Jibu tunalisoma kwenye arp -a. Ping ikishindwa na MAC ikaonekana, anwani ina mtu.

Wenye Linux wana zana nzuri zaidi. Amri sudo arping -D -I eth0 -c 3 192.168.1.50, ikiendeshwa kwenye kompyuta yenye tatizo, huuliza kama kuna mwingine mwenye anwani hiyo na kuonyesha MAC ya atakayejibu. Badala ya eth0 weka jina la kadi yako, utalipata kwa ip link. Na sudo arp-scan --localnet huzunguka mtandao mzima na kuweka alama ya DUP kwenye anwani iliyojibiwa zaidi ya mara moja. Kwenye macOS, arp -a ipo, na mfumo wenyewe hutoa onyo pale anwani inapogongana.

Kabla hujamtangaza mshukiwa, chuja mambo mawili. Kwanza, MAC moja yenye anwani za IP nyingi si mgongano. Vifaa vya kurefusha Wi-Fi mara nyingi huweka MAC yao badala ya MAC za vifaa vilivyo nyuma yao, hivyo utaona anwani nne au tano zenye MAC moja. Mgongano ni kinyume chake: anwani moja, MAC mbili. Pili, hata hiyo anwani moja yenye MAC mbili inaweza kuwa kompyuta moja ya Linux iliyounganishwa kwa kebo na kwa Wi-Fi wakati mmoja, kwani kwa mipangilio yake ya kawaida Linux inaweza kujibu ARP ya anwani zake zote kupitia kadi yoyote. Zima Wi-Fi ya mashine hiyo, rudia kipimo. MAC ya pili ikitoweka, hapakuwa na mgongano.

MAC unayo mkononi. Ni ya nani? Ingia kwenye ukurasa wa ruta na uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Visipokuwa na majina yanayoeleweka, jozi tatu za mwanzo za MAC humtambulisha mtengenezaji, na orodha za watengenezaji zinapatikana mtandaoni. Kwenye printa, kamera na visimbuzi, MAC huchapwa kwenye kibandiko cha chini au cha nyuma. Lakini angalia tarakimu ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa na programu na haikutoka kiwandani, kwa hiyo orodha ya watengenezaji haitakusaidia. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hufanya hivyo kwa kawaida kwenye Wi-Fi ili kulinda faragha. Basi fungua maelezo ya mtandao wa Wi-Fi kwenye kila simu ya nyumbani, usome MAC inayotumika sasa, ulinganishe. Ikishindikana kabisa, chomoa kebo moja moja kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), na kwa vya Wi-Fi zima kimoja kimoja, ukirudia arp -d *, ping na arp -a kila mara, mpaka MAC ile isionekane tena. Inachosha, lakini haikosei.

Sasa tumempata. Tujue kwa nini yupo hapo, maana kila chanzo kina dawa yake.

Chanzo kinachoonekana mara nyingi zaidi ni anwani iliyowekwa kwa mkono ndani ya fungu ambalo ruta inaligawa yenyewe. Mtu ameweka printa 192.168.1.105 ili isibadilike. Ruta nayo inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199 na haina habari za printa, kwa sababu printa haikuiomba kitu. Siku 105 itakapofikiwa kwenye zamu, itapewa simu au laptopu. Dawa ni kurudisha kifaa kwenye hali ya kuomba anwani, kisha kukitengea anwani ndani ya ruta kwenyewe. Kwenye Windows 11 nenda Settings, Network & internet, chagua muunganisho wako, na sehemu ya IP assignment iwe Automatic. Kwenye printa, ingia menyu ya mtandao kwenye kioo chake, tafuta TCP/IP, uchague DHCP au Auto. Na hapa nawaomba msisahau: printa ikipata anwani mpya, kompyuta zilizokuwa zinaitumia kwa anwani ya zamani zitasema haipo. Fungua sifa za printa kwenye kila kompyuta, ukurasa wa Ports, ubadilishe anwani. Bila hivyo utaitwa tena jioni hiyohiyo.

Chanzo cha pili ni ruta kusahau. Ruta inapogawa anwani kwa DHCP huikodisha kwa muda, mara nyingi saa 24, nyingine saa mbili. Kifaa huomba kuongezewa muda nusu ya muda huo inapopita, na kisipojibiwa huuliza yeyote aliyepo ikifika asilimia 87.5. Ruta nyingi za nyumbani huweka orodha ya ukodishaji kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa. Ikiwashwa upya, orodha ni tupu. Laptopu iliyokuwa imelala ina 192.168.1.101 na kwa saa kadhaa bado inaiamini kuwa ni yake. Ruta inaiona iko wazi na kuikabidhi kwa simu ya kwanza itakayoomba. Sasa mnaona kwa nini nilisema tusikimbilie kuzima ruta. Kitendo kile kinaweza kuwa ndicho kilichozalisha mgongano mnaojaribu kuutibu, na pia kinafuta orodha ambayo ingewaonyesha nani alipewa nini.

Dawa yake ya haraka ni hii: ruta ikizimika kwa sababu yoyote, iwashe, ipe dakika mbili, halafu katisha na uunganishe tena vifaa vyote. Kwenye Windows ni ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Kwenye simu zima Wi-Fi na kuiwasha. Vifaa visivyo na skrini chomoa umeme na kurudisha. Dawa ya kudumu ni kutenga anwani, nitafika hapo.

Chanzo cha tatu kinahitaji tukae nacho, kwa kuwa kinasumbua kuliko vyote: wagawaji wawili, yaani vifaa viwili vinavyogawa anwani kwenye mtandao mmoja. Mtu ananunua ruta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha mbali. Anachomeka kebo kutoka ruta ya kwanza hadi tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya pili, na kazi inakubali. Kilichotokea ni kwamba ruta zote mbili zinagawa anwani kwa kebo ileile. Kifaa kikiuliza, kwa kawaida hupokea toleo linalowahi kufika. Kila ruta ina orodha yake, haijui ya mwenzake, na zikiwa za kampuni moja zina fungu lilelile la kugawa. Migongano haiwi ya kifaa kimoja tena. Inahama kila siku. Na juu ya hayo, ruta zote mbili zinaweza kuwa na anwani ileile, tuseme 192.168.1.1. Hapo lango lenyewe ndilo linagongana, na nyumba nzima inapoteza mtandao kwa vipindi.

Kulibaini ni rahisi mkikumbuka mstari wa DHCP Server niliowaambia muuandike. Usome kwenye vifaa vitatu au vinne. Ukikuta anwani mbili tofauti, wagawaji ni wawili. Kwenye macOS amri ni ipconfig getpacket en0, tafuta server_identifier. Kwenye Linux yenye NetworkManager ni nmcli -f DHCP4 device show. Ikiwa ruta zote zina anwani moja, mstari huo utafanana na hautakusaidia. Hapo unganisha laptopu kwa kebo kwenye swichi au ruta ya pili, chomoa ruta kuu kwenye mtandao, andika ipconfig /release na ipconfig /renew. Ukipewa anwani wakati mgawaji halali hayupo, kuna mwingine. Msisahau pia kompyuta ya Windows iliyowashiwa huduma ya kugawa intaneti: nayo huwa mgawaji, na utaitambua kwa anwani yake ya 192.168.137.1.

Kurekebisha, njia ninayoipendelea ni kuiweka ruta ya pili kwenye hali ya Access Point, ikiwa menyu yake inayo. Itaacha kugawa anwani yenyewe. Kama haina, fuata mpangilio huu bila kuubadilisha. Tenganisha ruta ya pili na mtandao. Unganisha laptopu moja nayo kwa kebo. Ingia kwenye ukurasa wake, badilisha anwani yake ya LAN iwe iliyo nje ya fungu linalogawiwa na ruta kuu, mfano 192.168.1.2, maski (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao) ibaki 255.255.255.0. Hifadhi, subiri iwake upya, ingia tena kwa anwani mpya. Ndipo uzime DHCP. Ukianza kwa kuzima DHCP, laptopu yako inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza, na itabidi uiwekee kwa mkono ili uingie tena. Mwisho, kebo kutoka ruta kuu ichomekwe kwenye tundu la LAN la ruta ya pili, na tundu lake la WAN (la kuingizia intaneti) libaki tupu.

Wapo wanaochagua kuchomeka kwenye WAN ili ruta ya pili iwe na mtandao wake. Inafaa, mradi mitandao iwe na namba tofauti. Ruta ya pili haiwezi kuwa na 192.168.1.x ndani na 192.168.1.x nje, haitajua pakiti ielekezwe wapi. Ipe ya ndani 192.168.50.1.

Vyanzo vilivyobaki nitavipitia haraka. Kamera za usalama za aina moja huweza kutoka kiwandani zikiwa na anwani ileile iliyowekwa kwa mkono, kwa hiyo ukinunua nne usizichomeke zote pamoja. Chomeka moja, ibadilishe anwani, ndipo uende ya pili. Kompyuta za kidhahania (zile zinazoendeshwa na programu ndani ya kompyuta halisi) zilizonakiliwa pamoja na MAC yake zitapewa anwani moja na ruta kwa haki kabisa, maana ruta inaona kifaa kimoja. Tunga MAC mpya kwenye mipangilio ya nakala. Kwa upande wa IPv6, toleo jipya la anwani za IP, kila kifaa hukagua anwani yake kabla ya kuitumia na nafasi ni kubwa mno, hivyo mgongano ni nadra. Ukiuona, karibu kila mara ni mashine iliyonakiliwa.

Tuje kwenye mpango wa anwani, ambao ndio unaozuia haya yote. Mtandao wa nyumbani wenye maski ya 255.255.255.0 una anwani 254 za kutumika. Mpango ninaoupendekeza ni ruta kuu kuwa 192.168.1.1, kuanzia 2 hadi 49 ziwe za vifaa ambavyo lazima viwekwe kwa mkono, kama ruta ya pili na swichi zenye ukurasa wa mipangilio, kuanzia 50 hadi 199 zigawiwe na ruta, na 200 kwenda juu zibaki akiba. Weka mipaka hiyo kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta, mahali pa anwani ya kuanzia na ya kuishia. Ukishapunguza fungu, vifaa vilivyo nje ya mipaka mipya vikatishwe na kuunganishwa tena.

Kisha tenga anwani kwa kila kifaa cha kudumu: printa, kamera, hifadhi ya faili, televisheni. Kwenye menyu za ruta huduma hii huitwa Address Reservation, Static Lease au DHCP Binding. Unaweka MAC, unaweka IP, unahifadhi. Faida yake ni kwamba kifaa kinaendelea kuomba anwani kama kawaida na uamuzi unabaki mahali pamoja. Tena utengaji huo huhifadhiwa pamoja na mipangilio ya ruta, haufutiki umeme ukikatika. Ruta nyingine hutaka anwani unayotenga iwe ndani ya fungu linalogawiwa, nyingine hukubali hata ikiwa nje; ikikataa kuhifadhi, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuangalia. Laptopu ina MAC ya kebo na MAC ya Wi-Fi, kwa hiyo tenga anwani mbili tofauti kama inatumia njia zote mbili. Kwa simu, zima MAC ya kutungwa kwa mtandao wa nyumbani tu kabla ya kutenga, la sivyo siku simu itakapobadilisha MAC utengaji utakuwa wa kifaa kisichokuwepo.

Naona watu wakishauriwa kuendesha netsh int ip reset kila wanapoona mgongano. Amri hiyo hurudisha mipangilio ya mtandao ya Windows ilivyokuwa mwanzo, pamoja na kufuta anwani zilizowekwa kwa mkono. Haigusi kabisa kifaa cha pili. Iacheni kwa ajili ya Windows iliyoharibika.

Ukishamaliza, jaribu kazi yako. Sasa ndipo uzime ruta kwa makusudi, huku laptopu moja ikiwa imelala na simu mbili zikiwa zimeunganishwa. Iwashe, subiri dakika mbili, amsha laptopu, washa printa, chapa ukurasa mmoja. Pitia orodha ya vifaa kwenye ruta, hakikisha kila ulichokitengea kiko kwenye namba yake na mstari wa DHCP Server ni mmoja kila mahali. Subiri muda mzima wa ukodishaji upite, saa 24 ikiwa ndivyo ruta yako ilivyowekwa, halafu fungua kumbukumbu za matukio uangalie kama kuna 4199 yenye tarehe mpya. Ikiwepo, soma MAC iliyotajwa na uilinganishe na ile ya mwanzo. Ikiwa ni ileile, kifaa hicho bado kina anwani ya mkono au hakijawashwa upya. Ikiwa ni nyingine, rudi kwenye kipimo cha wagawaji wawili.